Yai la kutotolesha halingoji foleni ya mpakani

Mwenye kuvusha mayai yenye mbegu amebeba viumbe hai, na siku zao zinahesabika. Hasara nyingi hutokana na kuanza na mayai na kumalizia na karatasi.

KAMPALA – Ukizunguka Container Village, pale karibu na Nakivubo katikati ya jiji, huchelewi kuona kwamba kuku ni biashara ya watu wengi. Utakuta chanjo, vyombo vya kunyweshea, taa za kulelea vifaranga na chakula cha kuanzia. Utakuta pia mashine za kutotolesha, kuanzia ndogo inayofungwa nyuma ya boda boda hadi kabati linalomeza mayai maelfu. Anayenunua mashine leo, kesho ana swali moja tu: mayai yatatoka wapi?

Wapo wanaojibu swali hilo kwa kutazama ng'ambo. Mtu wa Mbale amesikia habari za kuku chotara wa Kenya, wa Bukoba anataka aina inayouzwa Kampala, na wa Kigali au Juba anatafuta mbegu ya kuku wa nyama ambayo kwake haipatikani kwa wingi. Kifaranga wa siku moja ni mzigo mgumu. Anahitaji hewa na joto, na akiba ya kiini aliyozaliwa nayo humtosha siku mbili hadi tatu tu. Yai linaonekana jepesi zaidi: halili, halilii na linapangika kwenye trei.

Wepesi huo ndio unaodanganya. Yai la kutotolesha ni kiumbe hai ndani ya ganda. Sheria za mpakani zinalitazama hivyo, na maumbile nayo ni hivyo hivyo. Mfanyabiashara anayelichukulia kama yai la chapati hupata hasara mara mbili: mara ya kwanza kwa maofisa, mara ya pili kwenye mashine.

Mayai mawili yanayofanana

Watoto hutegewa kitendawili cha nyumba isiyo na mlango, nao hujibu bila kufikiri: yai. Kwa mfanyabiashara kitendawili hicho kina sehemu ya pili. Je, ndani ya nyumba hiyo yumo mtu?

Shamba la kuku wa mayai ya kula halina majogoo. Kuku hutaga vizuri bila jogoo, lakini mayai yake hayawezi kuanguliwa hata yakikaa kwenye mashine mwezi mzima. Yai la kutotolesha hutoka kwenye kundi la kuku wazazi ambamo majogoo wapo kwa uwiano mzuri, kwa kawaida jogoo mmoja kwa matetea wanane hadi kumi. Kwa nje hakuna tofauti. Rangi haisemi, uzito hausemi, na hata tochi haisemi kitu mpaka yai likae kwenye joto siku tano hadi saba, ndipo mishipa midogo ya damu huonekana.

Kwa hiyo anayenunua mayai haya hununua kwanza uaminifu wa muuzaji. Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho mnunuzi makini hukifanya kabla ya kulipa mzigo mkubwa: anavunja mayai machache kutoka trei tofauti na kutazama doa jeupe lililo juu ya kiini. Doa lenye duara linaloonekana kama pete ni dalili kwamba jogoo amefanya kazi yake. Doa dogo lililoshikana, lenye kingo zisizo sawa, ni la yai lisilo na mbegu. Mayai kumi yanayovunjwa ni gharama ndogo kuliko sanduku zima la mayai matupu.

Forodha nayo inajua tofauti hiyo. Katika orodha ya bidhaa inayotumika duniani, ambayo ndiyo msingi wa ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, mayai ya kuku ya kutotolesha yana namba 0407.11, na mayai mabichi ya kula yana namba 0407.21. Anayeandika namba ya pili huku amebeba bidhaa ya kwanza, ili apite haraka, amesema uongo kwenye hati ya forodha. Pia amejinyima haki ya kulalamika mzigo ukiharibika, kwa sababu kwa karatasi zake mwenyewe alikuwa na mayai ya kula.

Mbegu iliyotoka India

Uganda ina mfano mzuri wa kazi hii ikifanywa kwa utaratibu. Kuanzia mwaka 2010, kuku anayeitwa Kuroiler alianza kufanyiwa majaribio nchini. Kuku huyo chotara alitengenezwa India na kampuni ya Keggfarms, iliyoanzishwa na Vinod Kapur, kwa ajili ya wanawake wa vijijini wanaofuga kuku wa kujitafutia. Profesa Jagdev Sharma wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, aliongoza mradi huo kwa msaada wa taasisi ya Bill na Melinda Gates. Mshirika wake Uganda alikuwa Kituo cha Taifa cha Rasilimali za Kijenetiki za Mifugo, NAGRC, chenye makao Entebbe.

Mbegu hiyo ilivuka bahari ikiwa ndani ya mayai, yakatotoleshwa Entebbe, na vifaranga vikapelekwa kwa familia za vijijini vikalelewa pamoja na kuku wa kienyeji. Matokeo yaliwashangaza wengi. Wakiwa na wiki 25, majogoo wa Kuroiler walikuwa na wastani wa takriban kilo 2.6, wakati wale wa kienyeji waliokuwa katika mazingira hayo hayo walikuwa na kilo 1.6 hivi. Leo jina Kuroiler linajulikana hadi kwa wauza kuku wa masoko ya Kampala, na limevuka mipaka kwenda kwa majirani.

Mfanyabiashara ana mambo mawili ya kujifunza hapo. La kwanza, mayai yale hayakusafiri kwa kubahatisha. Mwagizaji alijulikana, shamba lililotoa mayai lilijulikana, na mahali pa kutotoleshea palikuwa tayari kabla mayai hayajatagwa. La pili linahusu ulaghai unaoendelea mitaani. Kuroiler ni chotara. Ukichukua mayai ya Kuroiler wa jirani yako aliyechanganyika na majogoo wa kila aina, watoto watakaotoka hawatafanana na wazazi. Mmoja atakuwa mkubwa, mwingine mdogo, na utagaji utapungua. Anayekuuzia trei ya "mayai ya Kuroiler" bila kukuonyesha kundi la wazazi huenda hajakudanganya kuhusu mama, ila mbegu uliyolipia huipati.

Saa huanza kuhesabu kuku anapotaga

Kuku anapotaga, kiinitete kimeshakua ndani ya mwili wake kwa takriban siku nzima na kina maelfu ya seli. Yai likipoa, ukuaji husimama, na kiinitete hulala kikingoja joto. Kazi yote ya mwenye mzigo, kuanzia shambani hadi kwenye mashine, ni kukilinda usingizini: kisiamke kabla ya wakati na kisife.

Joto linalofaa kuhifadhi mayai hayo ni nyuzi 15 hadi 18 za Selsiasi, pamoja na unyevu wa kutosha hewani. Katika hali hiyo mayai hukaa vizuri hadi siku saba. Baada ya hapo uwezo wa kuanguliwa hushuka kila siku inayopita, kwanza taratibu, kisha kwa kasi. Hata yanayoangua huchelewa: watotoleshaji hukadiria kwamba kila siku ya kuhifadhi huongeza karibu saa moja kwenye zile siku 21 za mashine. Ndiyo maana mayai ya umri tofauti yakiwekwa pamoja, vifaranga hutoka kwa mafungu, na wa kwanza hukauka wakiwasubiri wa mwisho.

Sasa fikiria lori dogo lililosimama Busia adhuhuri. Kutoka Kampala ni karibu kilomita 200, na njia yenyewe si tatizo. Tatizo ni masaa ya kusimama. Chini ya turubai joto hupita nyuzi 30. Kiinitete huanza kuamka joto linapozidi nyuzi 21 hivi. Kinaamka adhuhuri, kinapoa usiku, kinaamka tena kesho yake. Hicho hakifi kwa kelele. Yai linabaki zima, safi, la kupendeza, na mwenyewe atagundua siku ya saba akipima kwa tochi kwamba ndani kuna pete ya damu tu. Atamlaumu muuzaji, naye muuzaji atamlaumu fundi wa mashine, kumbe hasara ilitokea kwenye foleni.

Maadui wengine ni mtikisiko na jasho. Kwenye upande butu wa yai kuna chumba cha hewa ambacho kifaranga hukitumia kuvuta pumzi ya kwanza. Barabara mbovu na upangaji wa hovyo hukivunja chumba hicho. Kwa hiyo mayai husafirishwa ncha kali ikiwa chini, kwenye trei zinazobana, bila kurundikwa mpaka trei za chini zikaelemewa. Na yai lililotoka kwenye baridi likiingizwa ghafla penye joto na unyevu hutoa jasho, na maji hayo huvipitisha vijidudu kwenye vitundu vya ganda. Kosa la kuliosha yai ili lipendeze huleta madhara ya aina hiyo hiyo.

Mzigo ukifika, usikimbilie kuuweka kwenye mashine. Mayai yapumzike kwenye chumba chenye ubaridi saa 12 hadi 24, ncha kali chini, ndipo yaingie kwenye nyuzi 37.5 hadi 37.8. Walio nyanda za juu waongeze tahadhari moja. Kampala ipo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Nairobi karibu 1,800, na Kabale karibu 2,000. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi na yai hupoteza maji haraka zaidi. Mayai yaliyotagwa pwani ya Mombasa au Dar es Salaam yakipandishwa Kabale hayatatoa matokeo yale yale ambayo muuzaji huyapata kwake, hata kama kila mtu amefanya kazi yake vizuri.

Hesabu ya sanduku moja

Sanduku la kawaida la biashara hii hubeba mayai 360. Tuseme, kwa mfano tu, kila yai limekufikia Kampala kwa shilingi 1,500 za Uganda, pamoja na usafiri na ada. Sanduku zima limegharimu shilingi 540,000.

Yakianguliwa asilimia 80, utapata vifaranga 288, na kila kimoja kimekugharimu shilingi 1,875 kabla ya umeme na kazi. Yakianguliwa asilimia 50, vifaranga ni 180 na kila kimoja ni shilingi 3,000. Yakianguliwa asilimia 30, unabaki na vifaranga 108, kila kimoja shilingi 5,000, na hapo hakuna mteja wa Kampala atakayekulipa faida. Bei ya yai haikubadilika hata mara moja katika hesabu hii. Kilichobadilika ni namna lilivyosafiri.

Kwa hiyo mtu anayejisifu kwamba ameokoa ada ya kibali kwa kupitisha mayai njia za panya, kisha mayai yakalala siku mbili yakingoja giza, hajaokoa kitu. Ameilipa ada hiyo mara kadhaa kwa vifaranga ambavyo havikutoka.

Karatasi kwanza, mayai baadaye

Kwa nini maofisa wakali hivi juu ya trei chache? Kwa sababu yapo magonjwa ambayo kuku mama humpa mtoto kupitia yai. Salmonella ya pullorum na ile ya homa ya matumbo ya kuku hupita hivyo. Mycoplasma, inayoleta mafua sugu na kukoroma, nayo hupita hivyo. Trei moja kutoka kwenye kundi lenye ugonjwa ikiingia kwenye mashine ya mtotoleshaji anayeuza vifaranga wilaya tatu, ugonjwa unasambazwa wilaya tatu kabla mtu hajamwona kuku hata mmoja akiumwa.

Ndiyo sababu utaratibu wa kisheria huanza mbali na mpaka. Anayeingiza mayai Uganda huomba kwanza kibali cha kuingiza kutoka kwa mamlaka ya afya ya wanyama katika Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi, yenye makao Entebbe. Kibali hicho huorodhesha masharti: magonjwa ambayo kundi lipimwe, hali ya nchi au eneo linakotoka, na namna ya kufungasha. Mwagizaji humtumia muuzaji nakala. Muuzaji huipeleka kwa mamlaka ya mifugo ya nchi yake. Daktari wa mifugo wa serikali hukagua shamba na kumbukumbu zake, kisha hutoa cheti cha afya kinachojibu masharti ya kibali moja baada ya jingine. Mpakani, mkaguzi wa mifugo hulinganisha karatasi na mzigo, na forodha hufanya kazi yake. Anayetoka Uganda kwenda Kenya, Tanzania au Rwanda hufuata mtiririko huo huo kwa kinyume: kibali huanzia kule mzigo unakokwenda.

Angalia mpangilio wa siku. Kibali kinaweza kuchukua siku kadhaa, na ukaguzi wa shamba nao una siku zake. Ukinunua mayai kwanza kisha ukaanza kuomba, siku saba za yai huishia mezani kwa ofisa. Ukiomba kwanza, mayai hayajatagwa bado, na kuchelewa kwa karatasi hakuui kitu. Siku cheti kinapokaribia, muuzaji ndipo huanza kukusanya mayai, na mzigo unaondoka ukiwa na umri wa siku mbili au tatu.

Wafanyabiashara wadogo huuliza kuhusu utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, unaohusu bidhaa zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Utaratibu huo ni msaada wa kweli: unakupa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani, nawe unaondokana na ushuru wa forodha kwa bidhaa za ndani ya Jumuiya zilizo kwenye orodha. Lakini cheti cha uasili kinasema bidhaa imetoka wapi. Hakisemi kuku aliyetaga alikuwa mzima. Cheti cha afya kinabaki kuwa lazima hata kama una trei mbili. Wengi hukwama Malaba na Mutukula kwa kuchanganya karatasi hizi mbili.

Mwaka ambao milango ilifungwa

Katika eneo letu, mwaka 2017 unaonyesha vizuri nini huwafika watu pale magonjwa na mipaka vinapokutana. Januari ya mwaka huo Uganda ilitangaza kuwepo kwa mafua ya ndege ya aina ya H5N8. Ndege wa porini walikutwa wamekufa kwenye ghuba ya Lutembe, ufukweni mwa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, na ugonjwa ukaonekana pia kwa ndege wa kufugwa huko Masaka. Ndani ya siku chache Kenya ilipiga marufuku kuku, mayai na vifaranga kutoka Uganda, na Rwanda nayo ikafunga mlango. Marufuku ilihusu nchi nzima. Mtotoleshaji wa mashariki ya Uganda, aliye mamia ya kilomita kutoka Masaka, alifungiwa sawa na aliye jirani na Lutembe.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo huo, upande mwingine wa Jumuiya, Tanzania iliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 vilivyokamatwa Namanga vikiingizwa kutoka Kenya. Thamani yake ilitajwa kuwa shilingi milioni 12.5 za Tanzania. Serikali ilisema imefanya hivyo kuzuia mafua ya ndege, na kwamba uingizaji wa vifaranga hivyo ulikuwa umekatazwa. Watu wengi wa pande zote mbili walichukizwa na picha za moto ule, na maneno yalikuwa makali. Hata hivyo, kisheria jambo lilikuwa wazi: mzigo haukuwa na kibali. Mzigo wa wanyama usio na kibali hauna wa kuutetea, na mwenye mali hana pa kudai fidia.

Mvutano kuhusu mayai na kuku haukuishia hapo. Mwaka 2021 mayai ya Uganda yalijikuta tena katikati ya mabishano na Kenya, safari hii hoja kubwa ikiwa bei na ulinzi wa wafugaji wa ndani. Mfanyabiashara anatakiwa kutofautisha aina hizi mbili za vizuizi. Kizuizi cha ugonjwa kina kanuni zake za kimataifa, na karatasi safi husaidia. Kizuizi cha bei ni cha kisiasa, na karatasi peke yake haikifungui. Kinahitaji vyama vya wafanyabiashara vipaze sauti kwenye meza za Jumuiya.

Brazil walivyoyafuata mayai

Mei 2025 Brazil, moja ya nchi zinazouza kuku wengi zaidi duniani, ilithibitisha mafua ya ndege kwa mara ya kwanza kwenye shamba la kibiashara. Shamba hilo, lililo mji wa Montenegro katika jimbo la Rio Grande do Sul, lilikuwa la kuku wazazi wanaotaga mayai ya kutotolesha. Hakuna shamba baya zaidi kwa ugonjwa kuingia, kwa kuwa mayai yake yalikuwa yameshasambazwa kwa watotoleshaji wa majimbo matatu.

Maofisa wa Brazil waliyafuata mayai hayo mashine kwa mashine na kuyaharibu. Waliweza kwa sababu kila mzigo ulikuwa na karatasi inayosema umetoka shamba gani, siku gani, na umekwenda kwa nani. Mwezi uliofuata Brazil ilijitangaza kuwa huru tena. Hasara ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na mwisho unaojulikana.

Afrika Kusini nayo, mwaka 2023, ilipoteza mamilioni ya kuku kwa mafua ya ndege, wakiwemo wengi wa kuku wazazi. Serikali ililazimika kutoa vibali vya kuagiza mayai ya kutotolesha kutoka nje ili vibanda visibaki vitupu. Nchi iliyozoea kuuza mbegu kwa majirani ikawa mnunuzi.

Hebu tujiulize: ugonjwa ukizuka leo kwenye shamba linalouza mayai Kampala, nani anaweza kusema trei zake zimekwenda wapi? Zile zilizopita Busia kwa karatasi zitapatikana. Zile zilizoshushwa kutoka kwenye basi usiku zikiwa zimefunikwa kwa kanga hazitapatikana. Na kwa sababu hazitapatikana, jirani atafunga nchi nzima, kama mwaka 2017. Anayepitisha mayai kwa siri anamfungia mlango mwenzake anayefuata sheria.

Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linaruhusu njia nyingine: nchi kugawanywa kwa kanda, na hata shamba moja lenye ulinzi mkali kutambuliwa peke yake, ili eneo lisilo na ugonjwa liendelee kuuza. Njia hiyo inahitaji jirani aamini karatasi za jirani. Hapo ndipo madai ya wafanyabiashara kwa serikali za Jumuiya yanapopaswa kuelekezwa: orodha ya mashamba ya kuku wazazi yaliyokaguliwa na kutambuliwa na nchi zote, cheti cha afya cha namna moja, na mkaguzi wa mifugo anayepatikana mpakani jioni na mwisho wa wiki, kwa kuwa mayai hayajui Jumapili.

Kabla hujatuma pesa

Mwenye nia ya kuingia katika biashara hii azingatie haya. Mosi, mwone muuzaji na kundi lake la wazazi, au mtume daktari wa mifugo unayemwamini. Uliza umri wa kundi, chanjo, na majibu ya vipimo vya Salmonella na Mycoplasma. Pili, omba kibali kabla ya kulipia mayai, na uhakikishe kwamba cheti cha afya kinajibu kila sharti lililo kwenye kibali.

Tatu, andikianeni mkataba, hata kama ni ukurasa mmoja. Useme mayai yasizidi siku ngapi yakiondoka, kila trei iandikwe tarehe, na nani anabeba hasara mzigo ukikwama. Jambo la kiwango cha kuangua liandikwe kwa uangalifu: muuzaji anaweza kuwajibika kwa mayai yasiyo na mbegu, ambayo hujulikana kwa tochi siku ya saba, lakini si kwa viinitete vilivyokufa kwa joto la njiani. Nne, safiri usiku au alfajiri, weka kipimajoto cha bei nafuu ndani ya sanduku, na mjulishe wakala wa forodha muda wa kufika kabla hujafika.

Tano, mashine iwe imeshawashwa na kutulia siku moja au mbili kabla ya mzigo, na umeme wa akiba uwepo. Mayai mengi yaliyovuka mpaka salama yameishia kuwa viza kwa sababu umeme ulikatika na jenereta haikuwa na mafuta. Sita, tunza daftari: mzigo ulitoka wapi, vifaranga vilikwenda kwa nani. Siku ugonjwa ukitangazwa, daftari hilo ndilo litakalosema kwamba wewe humo.

Kwa anayeanza kabisa, hatua ya kwanza haihitaji mtaji. Nenda kwa daktari wa mifugo wa wilaya yako, umweleze unataka mayai ya aina gani na kutoka nchi gani, umwombe orodha ya masharti yanayotumika sasa. Masharti hubadilika kila ugonjwa unapotangazwa, na orodha ya mwaka jana inaweza kukukwamisha mwaka huu. Ukishaipata, mpigie muuzaji na umuulize kama anaweza kuyatimiza yote. Akisita, tafuta muuzaji mwingine.